Maganda Mekundu ya Baba

Karakana yangu ina mlango mmoja wa chuma na dirisha moja lenye nondo. Mteja mgeni akiingia huangaza macho kila pembe, kisha, akiona ni mwanamke tu, huniuliza fundi yuko wapi. Namjibu: fundi alitoka, akarudi, na sasa anakutazama. Wengine hucheka. Wasiocheka nawaonyesha benchi, wakae hapo mpaka nijisikie kuwahudumia. Nina hasira za karibu, sikatai, na mtu akikaa miaka kumi na tisa akinusa mafuta ya bunduki na kuulizwa swali hilohilo, nadhani anaruhusiwa.

Natengeneza bunduki za mashambani na kujaza risasi za shotigani. Risasi ya shotigani ni ganda la plastiki lenye kitako cha shaba. Chini kuna fataki ya kuwashia, juu yake baruti, halafu kizibo, na juu ya kizibo marisau, yaani zile gololi za madini ya risasi zinazotoka zote kwa mpigo mmoja. Ukipunguza baruti na kuongeza kizibo, ganda linabaki na urefu uleule na karibu uzito uleule, ila bunduki haimpigi mtu teke. Inamsukuma tu. Hizo ndizo tunazoziita nyepesi. Nawajazia wanaojifunza, nawajazia akina mama walinzi wa maghala wenye mabega membamba, namjazia mstaafu mmoja ambaye mgongo wake ulishafanyiwa upasuaji mara mbili. Ni risasi nzuri na sizionei haya. Kwa karibu zinaua kama nyingine. Kwa mbali hazina nguvu, na anayezitumia lazima alijue hilo kabla hajanyanyua bunduki. Kwa hiyo hapa kwangu nyepesi zinaingia maganda meupe na nzito zinaingia maganda mekundu. Sheria hiyo niliitunga mwenyewe, nikaiandika ukutani kwa rangi ya mafuta. Aliyeivunja ni mimi.

Baba alikuwa mpiga nguruwe wa shamba la miwa kwa miaka thelathini na saba. Nguruwe mwitu wanapenda miwa kuliko binadamu wanavyopenda sukari, na mahali walipolala usiku mmoja utadhani pamepita trekta. Wakati wa mavuno wakataji huanzia pembeni wakiingia katikati, na nguruwe nao hurudi nyuma wakiingia katikati, mpaka kinabaki kipande kimoja cha miwa kilichojaa wanyama. Hapo ndipo Baba na Mjomba walipoitwa. Mjomba, kaka yake Mama, aliingia kwenye miwa upande mmoja akipiga debe na kutukana. Baba alisimama upande wa pili, kwenye eneo lililokwisha kukatwa, akingojea kitakachotoka. Mjomba hakuwahi kushika bunduki maishani mwake. Alisema mtu mwenye mdomo kama wake haihitaji. Na Baba hakuwahi kupiga risasi kuelekea kwenye miwa, hata siku moja, kwa sababu shemeji yake alikuwa mle ndani.

Wote wawili walikuwa wamekubaliana hivyo bila kuandikiana. Mjomba alimkabidhi mtu yule maisha yake, kisha jioni akamsema mbele ya watu kwamba alimpa dada yake kwa sababu tu alikuwa amemchoka dada.

Halafu Baba akaanguka kutoka kwenye tela. Bega la kulia likavunjika vipande, na daktari akaliunga kwa bamba la chuma na skrubu saba. Alituonyesha picha. Akamwambia Baba, "Mzee, hiyo bunduki uisahau. Teke moja zito na skrubu hizi zitang'oka, na nikirudi humo ndani sitapata mfupa wa kushikiza."

Baba alikaa nyumbani miezi minne. Nisimpambe, alikuwa mtu mgumu hata akiwa mzima, lakini ile miezi minne ilikuwa kitu kingine. Aliacha kunyoa ndevu. Alianza kugombana na redio. Asubuhi alivaa viatu vyake vya kazi, akakaa navyo kwenye kiti karibu na mlango mpaka jua likazama, kisha akavivua. Siku moja Mama alinifuata karakana, jambo ambalo hafanyi, akasimama mlangoni bila kuketi.

"Baba yako anakufa akiwa amekaa," akaniambia. "Wewe ndiye mwenye ujuzi. Fanya kitu."

Nikafanya. Nilimjazia risasi ishirini nyepesi, kwenye maganda meupe kama sheria inavyosema, nikampelekea mwenyewe. Aliliangalia boksi, akatoa ganda moja, akaligeuzageuza. Kisha akalirudisha na kulifunga boksi taratibu kabisa, na upole wake ule ulikuwa mbaya kuliko kelele.

"Nimeua nguruwe kabla wewe hujaota meno," akasema. "Leo unaniletea za watoto. Wakataji wakiniona na maganda meupe watasemaje?"

"Watasema mzee ana bega bovu, Baba. Wanajua. Walikubeba wao."

"Toka nazo."

Nilitoka nazo nikiwa nimefura. Usiku ule sikulala vizuri, asubuhi nikafungua karakana, nikachukua maganda mekundu na kuyajaza baruti ya nyepesi na vizibo viwili viwili. Marisau niliweka tisa kamili, zile kubwa za nguruwe, ili ganda likikaa kiganjani lisimwambie kitu. Nikampelekea. Nikamwambia nimepata baruti mpya, haina kelele nyingi, haipigi sana, siku hizi ndiyo wanatumia wote. Na kwa kuwa nilijua risasi hizi hazifiki mbali, nikaongeza uongo wa pili juu ya ule wa kwanza: nikamwambia mitutu ya bunduki yake imechakaa, asipige kitu kilicho zaidi ya hatua kumi na tano.

Alinisikiliza. Kwa habari za bunduki Baba alinisikiliza sikuzote.

Alipiga risasi yake ya kwanza kwenye gogo nyuma ya nyumba. Akasimama akingojea maumivu. Hayakuja. Akageuka kutuangalia, na nilimwona baba yangu akiwa na uso ambao sikuwa nimeuona tangu nikiwa mtoto. "Bega limepona," akasema. Mama akaangalia pembeni akijifuta macho kwa pindo la kitenge chake, akaniangalia mimi kwa shukrani. Hakuuliza nilifanya nini. Mimi pia sikusema.

Mwaka mzima ukapita hivyo. Baba alinyoa ndevu. Alipiga nguruwe thelathini na kitu, wote kwa karibu, na alijisifu mpaka watu wakaanza kumkimbia. Mjomba alimtania kwamba bunduki yake siku hizi inakohoa tu, labda ipelekwe kwa daktari yuleyule. Baba akajibu kwamba baruti ya kisasa haina kelele kama baadhi ya mashemeji. Nilicheka nao. Kila nilipojaza boksi jipya nilijiambia kwamba hili ndilo la mwisho, nitamwambia ukweli mvua zikianza, kazi ikipungua. Mvua zilianza, zikaisha.

Kisha akaja lile dume.

Mjomba alikuja karakana asubuhi na mapema kuchukua risasi. Alisimama mlangoni akaangaza macho kila pembe.

"Samahani, fundi yupo?"

"Shikamoo, Mjomba. Usinianze asubuhi."

"Marahaba, mjomba wangu." Alikaa juu ya kreti, akakunja miguu. "Leo kuna kazi. Kuna dume limebaki kwenye kipande cha mwisho. Jana limempasua mbwa wa msimamizi tumbo lote. Shingo yake, nakwambia, unaweza kuweka sinia la chai juu lisimwagike. Mabega yote ngozi ngumu tupu."

"Nani anapiga?"

"Nani mwingine? Shemeji amelala na viatu."

Nilikuwa nimeshika boksi la Baba. Kwenye rafu ya juu, umbali wa mkono, kulikuwa na maganda mekundu ya kweli, nzito, za mteja mwingine. Madume ya nguruwe yana kitu kama ngao chini ya ngozi ya mabega, gegedu nene kama soli ya kiatu, na kila mpigaji anajua inataka risasi yenye nguvu. Mimi nilijua kuliko wote. Mkono wangu ulikwenda kwenye rafu, ukagusa boksi lile. Nikaiona picha ya daktari, zile skrubu saba. Nikaurudisha mkono.

"Mjomba, mwambieni msimamizi amwite yule mpiga wa shamba la pili. Ana bunduki kubwa."

"Umwambie baba yako hayo maneno? Mimi bado napenda kuishi." Akacheka. Kisha akaacha kucheka, akaniangalia kwa makini. "Ile mitutu imechakaa kweli?"

Angekuwa mtu mwingine ningemfokea. Mjomba alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Aliuliza kwa upole, na alikuwa na haki ya kuuliza, maana yeye ndiye aliyekuwa anaingia kwenye miwa. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mteja, ningeweza kumwambia kwa maneno machache tu: hizi ni nyepesi, kaa nje leo. Lakini nilifikiri jioni yake atamtania Baba, hataweza kujizuia, na Baba atarudi kwenye kile kiti karibu na mlango.

"Imechakaa," nikasema. "Mwambie asipige mbali."

"Haya," akasema Mjomba. Akachukua boksi, akaenda.

Yaliyotokea niliambiwa na wakataji, maana Baba alisema neno moja tu. Mjomba aliingia na debe lake. Wakatoka nguruwe jike wawili na watoto, Baba akawaacha wapite. Dume likatoka baadaye, polepole, likasimama kwenye eneo tupu kama hatua thelathini kutoka kwa Baba. Aliliacha. Alikuwa anangoja lisogee, kama nilivyomwambia. Lakini debe likalia nyuma ya dume, nalo likageuza kichwa na kuanza kurudi kwenye miwa, likienda moja kwa moja kunakotoka sauti. Baba akapiga lilipompa ubavu, pasipo miwa nyuma yake. Wakataji wanasema dume lilitikisika kama mtu aliyepigwa kofi, kisha likaingia ndani kwa kasi. Baba alikuwa na risasi ya pili kwenye mtutu wa pili, na hakupiga, kwa sababu sasa mbele yake kulikuwa na miwa na ndani ya miwa kulikuwa na shemeji yake. Aliitupa bunduki chini akakimbilia ndani mikono mitupu.

Debe lilikuwa limeshanyamaza.

Pembe lilikuwa limepasua paja la Mjomba, kwa ndani, juu kabisa. Walimlaza kwenye tela na Baba akakandamiza kidonda kwa mikono yote miwili, pamoja na ule wa bega bovu, njia nzima. Mjomba alikufa kabla hawajafika barabara kuu. Msimamizi alipomuuliza Baba kilichotokea, ndipo aliposema lile neno lake.

"Nimekosa."

Alilirudia kwa daktari, akalirudia kwa Mama. Mama alimsikiliza akiwa amesimama, akaingia chumbani, na tangu saa ile hakumsemesha tena. Tulizika. Watu walikuja, wakakaa, wakaenda. Mama aliwajibu wote isipokuwa mmoja.

Na mimi niseme ukweli wangu hapa. Siku zile tatu nilimwomba Mungu baba yangu awe amekosa. Nilipiga magoti nikaomba hivyo. Nilitaka mkono wake uwe ulitetemeka, jicho lake liwe lilimdanganya, marisau ziwe zilizama ardhini kwa mbali. Kama alikosa, basi ilikuwa bahati mbaya, na bahati mbaya haina fundi.

Siku ya nne akaja mchinjaji wa shamba. Yule mpiga wa shamba la pili alikuwa ameliua dume siku iliyofuata, kwa risasi moja nzito kichwani, na mchinjaji ndiye aliyelichuna. Aliweka kikopo cha maziwa ya unga kwenye meza yangu ya kazi. Kikatoa mlio.

"Nimeona nikuletee wewe," akasema. "Zilikuwa kwenye ngao, nyuma ya bega la kushoto. Zimezama kidogo tu, ningeweza kuzichokoa kwa ukucha. Nimechuna madume miaka mingi, fundi. Zote mahali pamoja, ungezifunika kwa kisosi. Sijawahi kuona mtu anapiga vizuri hivyo halafu mnyama anakwenda."

Alikuwa mtu mwema, hakuuliza zaidi. Alipoondoka nilizimimina kwenye kitambaa. Tisa. Risasi nzito ikigonga ngao na mfupa marisau hubondeka kama kipande cha udongo. Hizi zilikuwa za mviringo bado, nzima, kama nilivyozitia mwenyewe.

Niliwakuta sebuleni mchana ule. Baba alikuwa kwenye kile kiti karibu na mlango, miguu mitupu. Viatu vya kazi sikuviona. Mama alikuwa kwenye mkeka akikunja nguo za kaka yake, shati juu ya shati, akizipanga kwenye begi. Nilisalimia. Nikavuta stuli mbele ya Baba na kumimina marisau juu ya stuli hiyo.

"Mchinjaji amezileta," nikasema. "Zimetoka kwenye lile dume."

Baba hakuelewa mara moja. Aliinama, akachukua moja kwa mkono wa kushoto, akaisogeza karibu na macho. Kisha akazihesabu kwa kidole.

"Zote?"

"Zote tisa."

"Wapi?"

"Nyuma ya bega la kushoto. Ungezifunika kwa kisosi."

Sitasahau kilichofuata. Baba alitabasamu. Hakuweza kujizuia, ilikuwa furaha ya mpigaji, ilimponyoka kabla hajaikamata: hakukosa. Kwa hatua thelathini, na mnyama anageuka, na bega lenye bamba la chuma, aliziweka zote tisa pale pale. Tabasamu lile lilidumu kama pumzi moja. Halafu akaiangalia tena gololi aliyoishika, akaizungusha, akatafuta mahali palipobondeka. Hapakuwepo.

Alisimama. Akaenda kabatini, akarudi na boksi lililobaki, ganda moja jekundu, kisosi na kisu chake cha mfukoni. Alilipasua ganda juu ya kisosi kama mtu anayemenya tunda. Marisau zikadondoka. Kikafuata kizibo, kikafuata kizibo cha pili. Ikafuata baruti kidogo, ambayo haikufunika hata ua lililochorwa kwenye kisosi. Aliitazama kwa muda mrefu. Hakunitazama mimi. Nadhani alikuwa anarudi nyuma, nguruwe mmoja mmoja, mwaka mzima, mpaka kwenye lile gogo nyuma ya nyumba.

Mama alikuwa ameacha kukunja.

"Ni nini hicho?" akauliza. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa Baba tangu siku ile.

Nilivuta pumzi. Nilikuwa nimekuja kwa ajili hiyo, nilikuwa nimeyapanga njiani, maneno yote yalikuwa mdomoni.

"Ni risasi nyepesi," akasema Baba. "Zile za watoto. Nilimwomba mimi. Bega lilikuwa linaniuma na niliona aibu, nikamwambia aniwekee kwenye maganda mekundu, watu wasijue. Alikataa. Nikamlazimisha."

"Baba," nikasema.

"Nyamaza wewe. Naongea na mama yako."

Hapo akaniangalia, mara moja tu. Hakuwa na hasira. Ningeshukuru angekuwa nayo. Yule mtu aliyekataa kuonekana na maganda meupe mbele ya wakataji alikuwa amesimama miguu mitupu mbele ya mkewe, akikiri kwamba aliomba za watoto. Ile heshima niliyomlindia mwaka mzima kwa uongo, alikuwa anaivua na kunifunika nayo mimi.

Mama aliinuka kutoka kwenye mkeka. Shati la Mjomba lilikuwa bado mikononi mwake.

"Kwa hiyo ulijua," akamwambia. "Ulijua kabisa una nini mkononi, ukamwacha aingie mle ndani. Ulishindwa hata kumwambia? Neno moja tu, kaka yangu angekaa nje."

Lile swali lilikuwa langu. Lilipita juu ya kichwa changu likaenda kwa mtu asiye wake, na nililiona likipita. Nilikuwa na mdomo. Mlango ulikuwa wazi kama siku ile ya karakana, na mtu aliyenibeba mgongoni alikuwa ameshazikwa, kwa hiyo hata kisingizio cha kuogopa kwamba atamtania Baba sikuwa nacho tena.

"Ningemwambia," akasema Baba. "Kweli. Ningemwambia."

Nikanyamaza.

Siku hizi Baba anakuja karakana kila asubuhi, amevaa kandambili. Anakaa kwenye kreti alipokuwa anakaa Mjomba, ananisaidia kujaza maganda meupe kwa mkono wa kushoto. Ana mkono mzuri, hamwagi hata punje. Mteja mgeni akiuliza fundi yuko wapi, Baba ananionyesha kwa kidevu, basi. Mekundu hayagusi. Hatujazungumza lile jambo na najua hatutalizungumza.

Mama bado hamsemeshi. Mimi ananisemesha. Kila jioni nikifika ananiuliza kama nimekula.